Mzazi Mwandamani: Nafasi ya Mzazi wa Olenguruone katika Ziara ya Wanafunzi Makumbushoni

Utangulizi

Ziara ya kielimu ni miongoni mwa shughuli za shule ambazo watoto huzisubiri kwa hamu kubwa kuliko zote. Mtoto wa Olenguruone, aliyezaliwa na kulelewa katika nyanda za baridi za Mau, kati ya mashamba ya majani chai na viazi, hupata fursa ya kuteremka hadi Nakuru na kuyaona mambo ambayo hapo awali ameyasoma vitabuni tu. Walimu huandaa safari, shule hukodi basi, na wazazi huombwa mchango. Aghalabu wazazi wawili watatu huombwa pia waandamane na watoto ili wasaidie kuwatunza.

Jambo hili la mwisho halijapewa uzito linaostahiki. Wengi humwona mzazi huyo kama mlinzi tu: ahesabu vichwa, agawe chakula, amfute machozi aliyeanguka. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kazi yake ni pana zaidi ya hiyo. Kwanza, istilahi zenyewe zitachunguzwa. Pili, wajibu wa mzazi safarini utaelezwa. Tatu, itaonyeshwa jinsi mzazi anavyoweza kuwa mfasiri wa vitu vilivyohifadhiwa katika Makumbusho ya Hyrax Hill, Nakuru. Hatimaye, litajadiliwa swali gumu ambalo mtoto wa Olenguruone ana haki ya kuliuliza akiwa huko.

Makumbusho na mwandamani: maana ya maneno

Neno "makumbusho" limetokana na kitenzi "kumbuka". Kitenzi hicho kikitiwa kiambishi cha usababishi hupatikana "kumbusha", yaani kumfanya mtu akumbuke. Hivyo basi makumbusho si ghala la vitu vya kale. Ni mahali panapofanyika tendo, na tendo hilo lina pande mbili: mwenye kukumbusha na mwenye kukumbushwa.

Hapa pana tatizo. Mtu hukumbushwa jambo alilopata kulijua kisha likamtoka. Mtoto wa miaka kumi hana la kukumbushwa kuhusu kibuyu cha maziwa ambacho hakuwahi kukiona kikifukizwa moshi, wala kuhusu mzinga wa gogo ambao hakuwahi kuuona juu ya mti. Kwake vitu hivyo ni vigeni kama vitu vya nchi ya mbali. Mwenye kumbukumbu ni mzazi, ama mzazi wa mzazi. Kwa hiyo mzazi anapoingia makumbushoni pamoja na mtoto, yeye hukumbushwa na mtoto huelezwa. Bila ya mtu mzima huyo, neno "makumbusho" hupungukiwa na nusu ya maana yake.

Je, mzazi huyo aitweje? Baadhi ya watu humwita "msindikizaji". Neno hili halitoshi. Kusindikiza ni kumtoa mgeni, kwenda naye hatua kadhaa, kisha kurudi nyumbani na kumwacha aendelee. Mzazi anayezungumziwa hapa haishii njiani. Huenda na kurudi na watoto. "Mlinzi" nalo hubana maana, kwani hutaja usalama peke yake. Neno "mwandamani", yaani yule anayefuatana na mwingine katika mwendo wote, linafaa zaidi. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya siku hizi nchini Kenya kitenzi "andamana" humpeleka msikilizaji moja kwa moja kwenye mabango na vitoa machozi, lakini maana yake ya msingi haijapotea. Katika makala haya, mzazi huyo ataitwa mzazi mwandamani.

Wajibu wa mzazi kabla ya safari na njiani

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa nchini Kenya mwaka 2019, umewapa wazazi nafasi rasmi katika masomo ya watoto wao. Kabla ya hapo, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilikwisha kuvitambua vyama vya wazazi. Kwa hiyo mzazi anapopanda basi la shule hafanyi hisani. Anatimiza sehemu ya wajibu unaotambuliwa. Hata hivyo, isisahaulike kwamba mzazi wa Olenguruone huacha kitu anapokwenda. Aliye mchumaji wa majani chai hupoteza ujira wa siku, na aliye na ng'ombe hulazimika kumtafuta mtu wa kukama jioni. Shule inayomwalika inapaswa kuuthamini muda wake kwa kumpa kazi inayoeleweka.

Kazi hiyo huanza kabla ya siku ya safari. Mzazi mwandamani anafaa kukutana na mwalimu mapema na kukabidhiwa kikundi chake cha watoto, kisichozidi wanane au kumi, ambao majina yao atayajua. Anapaswa kufahamu ni yupi mwenye pumu, ni yupi asiyeweza kula chakula fulani, na ni yupi hutapika akipanda gari. Barabara ya kutoka Olenguruone kupitia Keringet hadi Molo, na kutoka huko hadi Nakuru, ina milima na kona. Mtoto ambaye hajazoea mwendo wa basi huweza kufika akiwa hoi. Mfuko wa plastiki wa zamani umepigwa marufuku nchini tangu mwaka 2017, hivyo ndoo ndogo yenye kifuniko na maji ya kusukutua ni vitu vya lazima.

Kadhalika kuna suala la hali ya hewa. Watoto huondoka alfajiri kukiwa na baridi na ukungu, wamevaa sweta juu ya sweta. Wakifika Nakuru adhuhuri, jua huwa limekaza. Sweta huvuliwa, huwekwa kwenye kiti, juu ya jiwe au chini ya mti, na jioni nusu yake haina mwenyewe. Mzazi mwenye busara huhakikisha kila vazi limeandikwa jina. Huhesabu watoto wanapopanda na wanaposhuka, hata kama mwalimu naye amehesabu. Hii si kumtilia shaka mwalimu. Hyrax Hill iko karibu na barabara kuu ya Nakuru kwenda Nairobi, ambako malori na matatu hupita kwa kasi, na mtoto wa kijijini hajui kuikadiria kasi hiyo.

Jambo moja zaidi linahitaji kutajwa hapa. Mzazi mwandamani ana mtoto wake katika basi hilo, lakini siku hiyo yeye ni mzazi wa wote. Akimnunulia mwanawe soda mbele ya wenzake wasio na kitu, atakuwa ameivunja heshima aliyopewa. Watoto humwita "Mama Fulani" au "Baba Fulani" kwa jina la mwenzao, nao hutazamia kwake huruma ileile anayompa huyo Fulani. Wala asiwasahau waliobaki nyumbani kwa kukosa nauli. Mzazi aliye katika kamati ya shule anaweza kuhimiza mchango upangwe mapema na kulipwa kidogo kidogo, kwani mtoto anayewaona wenzake wakiondoka alfajiri hujifunza somo chungu ambalo halimo katika mtaala.

Mzazi kama mfasiri: Makumbusho ya Hyrax Hill

Hyrax Hill ni kilima chenye mawe mengi kilicho kilomita chache kutoka katikati ya jiji la Nakuru. Jina lake limetokana na pimbi, mnyama mdogo aishiye katika mianya ya miamba. Louis Leakey alikitambua kilima hiki kuwa mahali pa kale alipokuwa akifanya uchunguzi katika eneo hilo mwaka 1926. Mary Leakey alifanya uchimbuaji mkubwa huko mwaka 1937 na 1938. Mwaka 1943 mahali hapo palitangazwa kuwa turathi ya taifa, na mwaka 1965 nyumba iliyokuwa ya walowezi ikageuzwa kuwa makumbusho. Wachimbuaji wengine waliendelea na kazi hiyo katika miaka ya 1970 na 1980, akiwemo John Sutton.

Mtoto anayefika hapo kwa mara ya kwanza huweza kuvunjika moyo. Alitarajia jumba kubwa na simba aliyekaushwa, naye anakutana na nyumba ya wastani, nyasi, mawe na vibonde. Hapa ndipo mzazi mwandamani anapohitajika zaidi. Mwongozaji wa makumbusho ana maarifa ya kitaalamu, na hakuna haja ya mzazi kushindana naye wala kuongea juu ya sauti yake. Lakini mzazi ana maarifa ya namna nyingine, yaliyotokana na maisha yake, na haya ndiyo huyaunganisha maneno ya mwongozaji na akili ya mtoto. Mifano mitatu itatosha.

Mfano wa kwanza ni vibonde vinavyojulikana kama mashimo ya Wasirikwa. Kwa muda mrefu Wazungu walidhani kwamba watu wa kale waliishi ndani ya mashimo hayo. Utafiti, hasa ule wa Sutton, ulionyesha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe yaliyochimbwa ubavuni mwa kilima, na kwamba nyumba ilijengwa kando, mlango wake ukielekea zizini. Utamaduni wa Wasirikwa ulienea katika nyanda za magharibi ya Kenya kuanzia karne ya 12 hivi, na masimulizi ya Wakalenjin bado yanawataja. Sasa, mtoto akiambiwa haya huona kibonde chenye nyasi tu. Mzazi aliyewahi kufuga anaweza kumwuliza: "Mlango wa zizi umewekwa upande gani wa mteremko?" Mtoto atatazama na kujibu kwamba uko upande wa chini. "Kwa nini?" Mtoto anayesafisha boma nyumbani atajua bila kuambiwa: ili maji ya mvua na samadi viteremke nje. Karibu na milango hiyo ndipo palipo na vilima vidogo vya samadi na tope lililotupwa. Mara moja kibonde hugeuka kuwa zizi, na Wasirikwa hugeuka kuwa watu waliokuwa na kazi ya asubuhi kama yake.

Mfano wa pili ni bao. Katika miamba ya Hyrax Hill kuna safu za vishimo vilivyochongwa kwa ajili ya mchezo huo. Hapana shaka kwamba mchezo wa aina hii umeenea Afrika nzima. Wakikuyu wana giuthi, Wamaasai wana enkeshui, na watu wa pwani wana bao lenye sheria tata linalochezwa barazani hadi leo. Mzazi aliyecheza utotoni kwa kuchimba vishimo ardhini na kutumia kokoto anaweza kuwaonyesha watoto jinsi ya kupanda kete na kuzivuna. Dakika kumi za mchezo hufundisha zaidi ya ukurasa mzima wa maelezo. Watoto huona kwamba aliyechonga vishimo hivyo alikuwa na muda wa kupumzika, alikuwa na mwenzake, na pengine alishindwa akakasirika.

Mfano wa tatu ni vipande vya jiwe jeusi linalong'aa kama kioo. Hilo ni obsidiani, jiwe lililotokana na volkano, ambalo watu wa kale walilipasua kupata visu na vichwa vya mishale. Obsidiani nyingi ya eneo hili ilitoka katika milima iliyo karibu na Naivasha, hasa Eburru, na wafugaji wa kale waliisambaza mbali sana na chanzo chake. Mzazi anaweza kuwauliza watoto ni vitu gani hufika Olenguruone kutoka mbali na ni vipi hutoka Olenguruone kwenda mbali. Watataja chumvi, sukari, viazi na majani chai. Kwa njia hiyo neno "biashara" hupata umri wa maelfu ya miaka.

Pamoja na hayo, kuna jambo linalohitaji uangalifu. Uchimbuaji wa Hyrax Hill ulifukua makaburi, na baadhi ya makaburi ya kale zaidi ya wanawake yalikuwa na sahani za mawe na vyombo vya kusagia. Jamii nyingi za Bonde la Ufa zilikuwa na miiko kuhusu maiti, na baadhi ya watoto huogopa. Wengine huficha hofu yao kwa kicheko. Mzazi mwandamani asimkaripie anayecheka, wala asimlazimishe anayerudi nyuma. Inatosha kusema kwa sauti ya upole kwamba huyu alikuwa mama wa mtu, na waliomzika walimpa vyombo vyake kwa sababu walimpenda au walimheshimu. Watoto huelewa hilo upesi.

Kuhusu lugha, mzazi ana hazina nyingine. Basi moja la shule ya Olenguruone huweza kubeba watoto wa Kipsigis, wa Kikuyu, wa Ogiek na wa jamii nyinginezo. Mbele ya kibuyu, mmoja atasema "sotet" na mwingine "kinya". Mzazi mwandamani asiyaache maneno hayo yapotee hewani. Awaache watoto wayataje yote, kisha wakutane katika Kiswahili. Hapo Kiswahili hutenda kazi yake halisi, ambayo si kuzifuta lugha nyingine bali kuwa uwanja ambao wote wanaweza kusimama bila ya mmoja kuwa mgeni wa mwenzake.

Swali la mtoto: "Na sisi je?"

Baada ya kuona ya Wasirikwa na ya wafugaji wa kale, mtoto mwenye akili huuliza: "Na sisi wa Olenguruone, vyetu viko wapi?" Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana.

Olenguruone ina historia kubwa. Jina lenyewe ni la Kimaasai. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni iliwapeleka huko Wakikuyu waliokuwa wameondolewa katika ardhi ya Wamaasai na kwingineko. Walowezi hao wapya waliamini kwamba ardhi hiyo ilikuwa fidia yao, ilhali serikali iliwahesabu kuwa wapangaji waliopaswa kutii masharti ya kilimo na makazi. Walikataa. Walikula kiapo cha umoja ambacho, tofauti na viapo vya awali, kiliwahusisha wanaume, wanawake na hata watoto. Kuanzia mwaka 1948 hadi 1950 walifukuzwa, mazao na nyumba zao zikaharibiwa, na wengi wakapelekwa Yatta. Wanahistoria, akiwemo Tabitha Kanogo katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu maskwota na chimbuko la Mau Mau, wameonyesha kwamba mgogoro wa Olenguruone ulikuwa miongoni mwa vyanzo vya vita vya ukombozi.

Hiyo si historia pekee. Waogiek waliishi katika msitu wa Mau tangu zamani, na madai yao ya ardhi yalifika katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoamua kwa upande wao tarehe 26 Mei 2017 na kuamuru walipwe fidia mwaka 2022. Baadaye kuna ghasia za kikabila za mwaka 1992 na zile zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo zote ziliigusa Olenguruone na maeneo ya Molo na Kuresoi. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, majirani walikimbiana. Watoto walio ndani ya basi hawakuwa wamezaliwa. Wazazi wao walikuwapo, na huenda wazazi wawili walioketi kiti kimoja walikuwa pande mbili za moto uleule.

Mzazi mwandamani afanye nini? Njia rahisi ni kunyamaza na kusema, "Utajua ukikua." Njia nyingine, iliyo mbaya zaidi, ni kumnong'onezea mtoto wake habari ya upande mmoja, ili arudi nyumbani akimtazama rafiki yake kwa jicho jipya. Iko njia ya tatu, nayo ni kusema kweli iliyopimwa kwa umri: kwamba mahali petu watu wengi walifika kwa nyakati mbalimbali, kwamba kila kundi lilipata kuondolewa kwa nguvu katika ardhi fulani, na kwamba majirani waliwahi kuumizana, jambo lililokuwa baya. Maneno hayo ni machache lakini hayana uongo. Yakisemwa na mzazi mmoja huku mzazi wa jamii nyingine akitikisa kichwa kwa kukubali, huwa na nguvu isiyopatikana katika kitabu.

Hapa inafaa kutaja kwamba makumbusho yanaweza kuhifadhi maumivu bila ya kuyachochea. Katika miaka ya 1990, Sultan Somjee, aliyekuwa mtaalamu wa ethnografia katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya, alianzisha wazo la makumbusho ya amani yanayosimamiwa na jamii zenyewe, yakitumia vitu vya mila ya upatanishi. Mojawapo ni lile la Lari, katika kaunti ya Kiambu, mahali palipotokea mauaji ya Machi 1953 yaliyowagawa watu wa kijiji kimoja. Olenguruone nayo ina wazee, ina vitu, na ina habari. Watoto wanaorudi kutoka Hyrax Hill wanaweza kuanza kwa kona ya darasa: kibuyu cha nyanya ya mmoja, kiondo cha nyanya ya mwingine, mzinga wa babu wa tatu, kila kimoja kikiwa na karatasi iliyoandikwa jina lake katika lugha ya mwenyewe na katika Kiswahili.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba mzazi anayefuatana na wanafunzi makumbushoni ana kazi tatu. Anawalinda watoto wote kama wake, anafasiri vitu kwa maarifa ya maisha yake, na anajibu maswali ambayo mwalimu na mwongozaji hawawezi kuyajibu kwa niaba yake. Kazi ya kwanza huonekana na kila mtu. Ya pili huhitaji mzazi ajiamini kwamba ujuzi wa zizi na shamba nao ni elimu. Ya tatu huhitaji ujasiri.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Shule zinapopanga ziara, ni vyema wazazi waandamani wachaguliwe kutoka jamii zote zilizo katika shule, wafike makumbushoni siku moja kabla ya watoto ikiwezekana au angalau wakutane na walimu, na wapewe muda darasani wiki inayofuata ili wasikilize yale ambayo watoto wameyabeba. Gharama yake ni ndogo. Lililo hatarini ni kubwa, kwani asiyeelezwa habari za kwao na mtu anayempenda ataelezwa siku moja na mtu mwenye nia nyingine.